Kabla ya Friza, Daftari: Hesabu ya Damu ya Kitovu

Nyuma ya vituo vyetu vingi vya afya, karibu na kichomea taka, kuna shimo lenye mfuniko wa zege. Wauguzi huliita shimo la kondo. Mama akishajifungua na mtoto akishalia, kondo la nyuma hukaguliwa kama limetoka zima, huwekwa kwenye ndoo, na ndoo huelekea huko. Ndani ya kondo hilo, na katika kipande cha kitovu kilichobaki nalo, hukaa damu ya ujazo wa kikombe kimoja au viwili vya kahawa chungu, vile vidogo vya mwambao. Ni damu ya mtoto, si ya mama. Imejaa seli ambazo hospitali za Marekani hulipia makumi ya maelfu ya dola kwa mfuko mmoja.

Sitaki kuanza kwa kulia kwamba tunatupa dhahabu shimoni. Huo ndio wimbo wa wauzaji wa huduma ya kuigandisha damu hii, na sehemu kubwa ya makala hii ni ugomvi wangu nao. Nataka tuihesabu damu hii kama mfanyabiashara wa Kariakoo anavyohesabu mzigo bandarini: inachukuliwaje, inatunzwa na nani, inamfaa nani, na sisi wa Afrika Mashariki tukiitamani, tutamani kitu gani hasa. Jibu langu nalitanguliza. Tusitamani friza la kuihifadhi. Tutamani daftari linalokaa mlangoni mwa friza.

Kisa chenyewe kilianzia Paris, Oktoba 1988. Mtoto wa kiume wa miaka mitano kutoka North Carolina, Marekani, alikuwa na anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaoumaliza uloto taratibu hadi mwili unashindwa kutengeneza damu. Mama yake alikuwa na mimba nyingine. Vipimo vikaonyesha kwamba mtoto aliyemo tumboni, wa kike, hana ugonjwa ule, na alama zake za kinga zinalingana na za kaka yake. Alipozaliwa, damu iliyobaki kwenye kitovu na kondo ilikusanywa, ikagandishwa katika maabara ya Hal Broxmeyer kule Indianapolis, kisha ikavushwa bahari mpaka Hospitali ya Saint-Louis. Huko daktari Éliane Gluckman alimwekea yule kaka kwa mshipa, kama mtu anavyowekewa dripu. Uloto ukaota upya, na mtoto yule akakua hadi utu uzima.

Wengi husimulia kisa hiki kama muujiza wa seli. Mimi husoma humo kisa cha ndugu wawili waliopimwa mapema, na mtu fulani akayaandika majibu yao pembeni kwa pembeni. Tutarudi hapo.

Uloto, au uboho kama wengine wanavyouita, ndio shamba la damu. Humo mna seli shina, mbegu zinazozaa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani maisha yote ya mtu. Shamba likiingia saratani, au likizaliwa na kasoro kama sikoseli, daktari anaweza kulifyeka kwa dawa kali na kupanda mbegu za mtu mwingine. Tatizo ni kwamba mbegu hizo zina macho. Chembe nyeupe za mchangiaji huutazama mwili mpya, na zisipoutambua huushambulia: ngozi, ini, utumbo. Utambuzi huo unategemea alama za HLA, ambazo kila mmoja wetu amerithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndiyo maana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Asiye na ndugu anayelingana inabidi amtafute mtu baki, na kwa mtu baki uloto unadai ulinganifu mkali sana.

Seli za kitovu ni changa. Hazijawahi kupigana na mdudu yeyote, bado hazijajifunza ugomvi. Zinavumilia tofauti ambazo uloto wa mtu mzima hauzivumilii: kati ya alama sita za msingi, nne zikilingana daktari anaweza kuendelea. Sifa hiyo ndiyo iliyomfanya daktari Pablo Rubinstein wa Kituo cha Damu cha New York aanzishe, mwaka 1992, benki ya kwanza ya umma ya damu ya kitovu. Ya umma maana yake mama anatoa bure, haandikiwi jina kwenye mfuko, na mfuko unamngoja yeyote duniani atakayelingana nao. Mwaka uliofuata daktari Joanne Kurtzberg, katika Chuo Kikuu cha Duke, alianza kupandikiza damu hiyo kwa watoto wasio na udugu wowote na wachangiaji wao. Milano na Düsseldorf nao wakafungua benki zao, na mwaka 1996 ikaja ya huduma ya afya ya umma ya Uingereza.

Twende leba tuone kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo maneno mengi ya matangazo hupotea.

Ridhaa huchukuliwa mapema, kabla uchungu haujashika. Mwanamke aliye katikati ya uchungu hawezi kusaini kitu akakielewa, na benki yenye adabu inalijua hilo. Mama huulizwa maswali marefu: magonjwa ya kurithi katika koo zote mbili, safari, maambukizi, tabia za hatari. Baada ya mtoto kutoka na kitovu kubanwa na kukatwa, mtoto anaenda kwa mama yake na hahusiki tena. Kondo likishatoka, mtaalamu hulining'iniza kwenye fremu, husafisha mshipa mkubwa wa kitovu kwa dawa, huchoma sindano, na damu hushuka yenyewe kwa uzito wake hadi kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia isigande. Hospitali nyingine huchukua kondo likiwa bado tumboni. Kwa njia zote mbili kazi inaisha kwa dakika chache, bila maumivu kwa yeyote.

Mfuko ukifika maabara, cha kwanza ni kuhesabu seli. Hapa mifuko mingi hufia. Kipimo cha mgonjwa ni uzito wake: zinahitajika angalau seli milioni 25 zenye kiini kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15 ataridhika na mfuko mdogo. Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji seli bilioni 1.75, na mifuko mingi haifiki huko. Kwa hiyo benki inayojali pesa zake haigandishi mfuko mwembamba, na katika benki nyingi za umma inayokataliwa ni mingi kuliko inayoingia friza. Inayokataliwa huenda kwenye utafiti au hutupwa. Mama aliyetoa kwa moyo safi huwa haambiwi kila mara mfuko wake umeishia wapi.

Inayopita huondolewa chembe nyekundu na maji ya damu hadi kubaki kijiko kimoja na ushee cha mezani, mililita zipatazo 25. Humo hudondoshewa polepole dawa iitwayo DMSO, ili barafu isizipasue seli kwa ndani. Mashine maalumu huishusha baridi taratibu, karibu nyuzi moja kila dakika, kisha mfuko huzamishwa kwenye tangi la nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Vipande vidogo vya mrija huachwa vikining'inia kwenye mfuko ili baadaye vikatwe na kupimwa bila kuuyeyusha wote. Wakati huohuo damu ya mama hupimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende na mengine, kwa kuwa kilichomo kwake ndicho kinachoweza kuwa kimempata mtoto. Mfuko hukaa karantini mpaka majibu yote yarudi.

Kisha inakuja hatua ambayo haipigwi picha. Alama za HLA za mfuko husomwa na kuingizwa kwenye rejista inayoonekana na madaktari wa nchi nyingine. Mfuko unakuwa namba. Bila namba hiyo, tangi zima la nitrojeni ni ghala la barafu ya gharama. Kwa namba hiyo, daktari aliyeko Madrid anaweza kumwona mtoto aliyezaliwa Taipei miaka 10 iliyopita, na mfuko ukapanda ndege ndani ya chombo chake cha baridi. Seli zenyewe hazina haraka: maabara iliyoachwa na Broxmeyer imeonyesha kwamba damu iliyogandishwa kwa miaka 27 bado ina uwezo wa kuota. Tangu ile safari ya Paris, zaidi ya wagonjwa 40,000 duniani wamepandikizwa damu ya kitovu.

Na ni nani anayeihitaji zaidi? Hapa ndipo mjadala unapotugusa, tuwe Tandale au Toronto. Mwaka 2014 watafiti waliochambua rejista ya Marekani walichapisha hesabu inayouma. Mgonjwa Mzungu mwenye asili ya Ulaya alikuwa na nafasi ya asilimia 75 ya kupata mchangiaji mtu mzima anayelingana naye kikamilifu. Mmarekani Mweusi, asilimia 19. Mwafrika, asilimia 18. Sababu ni mbili na zote ni za kweli: watu weusi walioandikishwa ni wachache, na sisi wenyewe tuna alama za aina nyingi mno. Afrika ndiko binadamu alikokaa muda mrefu kuliko kokote, kwa hiyo tofauti zetu za kinasaba ni pana kuliko za bara lolote. Utajiri huo unageuka mzigo pale unapotafuta mtu wa kufanana naye.

Utafiti uleule ulionyesha kwamba ukikubali damu ya kitovu yenye ulinganifu wa alama nne kwa sita, karibu kila mgonjwa wa chini ya miaka 20, wa rangi yoyote, angepata mfuko. Ndiyo maana benki ya Uingereza ilipochagua hospitali za kukusanyia ilikwenda London na viunga vyake, kwenye wodi ambamo anajifungua Mghana, Mgujarati, Msomali na binti wa Kimombasa aliyehamia juzi. Msomaji wangu uliyeko huko, ukiulizwa kliniki kama uko tayari kuchangia, jua kwamba swali hilo halikuletwa kwako kwa bahati.

Mfano ninaoupenda ni wa New York. Mwanamke wa asili mchanganyiko, anayeishi na VVU, akapata saratani ya damu. Ilijulikana tayari kwamba kuna watu wachache, wengi wao wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, ambao chembe zao nyeupe hazina mlango wa CCR5, ule ambao VVU hupendelea kupita. Waliotangulia kupona VVU kwa njia ya upandikizaji walipewa uloto wa watu wa namna hiyo waliolingana nao vizuri. Mwanamke huyu, kwa mchanganyiko wa damu yake, asingempata. Ikatafutwa damu ya kitovu: mfuko wenye ulinganifu wa nusunusu lakini usio na ule mlango. Alipandikizwa mwaka 2017, pamoja na seli za mtu wa ukoo wake za kumvusha wiki za mwanzo. Miaka mitatu na ushee baadaye aliacha dawa za VVU, na Februari 2022 madaktari wake walitangaza kwamba virusi havijarudi. Tusikimbilie kusema tiba ya Ukimwi imepatikana. Upandikizaji unaua, na hakuna daktari mwenye akili anayemfanyia mtu asiye na saratani. Nachotaka kionekane ni kwamba mama mmoja, asiyejua lolote kuhusu haya, alisaini fomu siku moja, na mtu fulani akaisoma ile damu, akaiandika.

Sasa upande wa pili wa shilingi, ambao wachangishaji hawapendi kuusema kwa sauti. Mifuko ya watoto weusi, kwa wastani, huwa na seli chache kuliko ya watoto wa Kizungu. Kwa kipimo kilekile cha mizani, mifuko inayohitajika zaidi ndiyo inayokataliwa zaidi. Benki za umma zinaishi kwa mifuko inayonunuliwa na hospitali, na hospitali hununua mifuko minene. Serikali ya Marekani imekuwa ikitia pesa tangu sheria ya mwaka 2005 ili kujaza pengo hilo, na bado benki nyingi zinajikongoja. Mimi siitazami hali hiyo kama ubaguzi wa mtu fulani aliyekaa ofisini. Ni hesabu ya soko iliyoachwa ifanye kazi ya huruma, na soko halijawahi kuiweza kazi hiyo.

Benki za binafsi ni jambo jingine kabisa, ingawa zinatumia matangi yaleyale na maneno yaleyale. Huku mzazi analipa, dola elfu moja au mbili mwanzoni, kisha ada kila mwaka, ili damu ya mwanawe ikae kwa jina lake tu. Inaitwa bima ya maisha ya mtoto. Chuo cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliwahi kukadiria kwamba nafasi ya mfuko huo kuja kutumika ni takriban moja kati ya 2,700. Ukitafakari, hata hiyo ni ukarimu. Mtoto akiwa na sikoseli, damu ya kitovu chake nayo ni ya sikoseli: utamrudishia ugonjwa aliozaliwa nao. Akipata saratani ya damu utotoni, mara nyingi mabadiliko ya mwanzo tayari yalikuwemo kwenye damu yake siku aliyozaliwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema tena mwaka 2017 kwamba pa kupeleka damu hii ni benki za umma. Ufaransa na Italia zimekataza kabisa benki za aina hii kwenye ardhi yao. Na mwaka 2024 gazeti la New York Times lilichunguza benki hizi Marekani na kukuta mifuko iliyochafuka na mingine yenye seli chache kiasi cha kutofaa kwa lolote, huku wazazi wakiendelea kulipa ada.

Halafu kuna swali ambalo mzazi hulisahau: benki ikifa? Kampuni moja kubwa yenye makao Uswisi ilifunga shughuli mwaka 2019, na mifuko ya wateja wake kutoka nchi kadhaa ikahamishiwa Poland. Kule Japani ilikuwa mbaya zaidi. Benki ya binafsi ilifilisika mwaka 2009, mifuko ikapita mikononi mwa madalali, na mwaka 2017 polisi waliwakamata watu sita kwa kuwadunga wateja damu hiyo bila kibali, kama dawa ya saratani na ya kurudisha ujana. Damu ya watoto wa watu! Ilibidi sheria ibadilishwe. Nasema haya kwa sababu matangazo ya aina hii yanafika kwenye simu za wazazi wenye uwezo popote walipo, na mtu aliyesubiri mtoto miaka 10 hana nguvu ya kubishana na sentensi inayoanza na "kwa ajili ya mwanao".

Basi tufanye nini, tujenge benki yetu ya umma Dar au Nairobi? Kuna wenzangu wanaosema ndiyo, na hoja yao, kwamba alama zetu za aina nyingi ni ngumu kuzipata kwingine, ni nzito. Mimi nasema hapana, angalau kwa sasa, na si kwa sababu ya teknolojia. Nitrojeni ya kimiminika tunaijua vizuri. Kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, Arusha, kinahifadhi mbegu za madume ya ng'ombe kwenye baridi hiyohiyo, na wafugaji wa Kilimanjaro hawaoni ajabu. Tangi lile halitegemei umeme wa TANESCO. Linategemea mtu wa kuliongeza nitrojeni kwa wakati, bila kusahau, mwaka baada ya mwaka.

Sababu yangu ya kwanza ni kwamba ugonjwa wetu mkubwa haukubaliani na dawa hiyo. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi wenye sikoseli kila mwaka, miongoni mwa idadi kubwa kabisa duniani. Marekani walijaribu kuwapandikiza watoto wa sikoseli damu ya kitovu ya watu baki. Katika watoto wanane wa mwanzo, watano miili yao iliikataa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Friza lililojaa mifuko ya watu baki lisingemsaidia sana yule mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa pale hospitali ya Amana, Dar es Salaam, au Sekou Toure, Mwanza.

Ya pili: dunia yenyewe imeanza kuipa kisogo damu ya kitovu. Wataalamu wa Johns Hopkins waligundua kwamba ukimpa mgonjwa dawa ya cyclophosphamide siku chache baada ya kumpandikiza, unaweza kutumia uloto wa mtu anayelingana naye nusu tu. Nusu ni mzazi, ni mtoto, mara nyingi ni kaka au dada. Dawa hiyo ni ya zamani na ya bei nafuu, ipo kwenye wodi zetu za saratani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliweka njia hizo mbili kwenye mizani kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Saratani ilidhibitiwa karibu sawasawa, lakini waliokufa kwa madhara ya matibabu yenyewe walikuwa asilimia 11 kwa uloto wa nusu na 18 kwa damu ya kitovu. Kwa sikoseli, watu wazima 42 walipandikizwa kwa njia hii ya nusu katika utafiti mwingine wa Marekani, na asilimia 95 walikuwa hai miaka miwili baadaye. Japani inaendelea kuipenda damu ya kitovu, na inaifanya vizuri kuliko yeyote. Wengine wanapunguza. Kuanza leo kujenga kitu ambacho wenye nacho wanashindwa kukilipia kungekuwa kununua mashine ya faksi ofisi jirani ikihamia kwenye simu.

Ya tatu wengi hawaifikirii: mtoto anayezaliwa. Shirika la Afya Duniani linaagiza kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, ili damu iliyoko kwenye kondo imalizikie kwa mwenyewe. Kwetu, ambako upungufu wa damu kwa watoto ni jambo la kila kliniki, dakika hizo ni chuma cha bure cha miezi ya mwanzo. Kadiri unavyosubiri, ndivyo mfuko wa benki unavyopungua. Benki za umma za kweli husubiri, na hukubali mfuko mdogo. Lakini mahali ambapo mfuko ni pesa, mkono wa kubana kitovu hupata haraka ambayo haukuwa nayo, na sitaki haraka hiyo iingie kwenye wodi ya mkunga mmoja na wajawazito sita.

Hata hivyo sijafunga mlango wote. Ule wa Paris nauacha wazi, wa ndugu kwa ndugu. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walikusanya habari za wagonjwa 485 wa thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, na sikoseli waliopandikizwa kutoka kwa ndugu zao. Kwa wenye sikoseli, waliopona na kubaki bila ugonjwa miaka sita baadaye walikuwa asilimia 92 kwa uloto na 90 kwa damu ya kitovu. Tofauti hiyo haina maana. Na sasa upandikizaji si hadithi ya India tu: Muhimbili walianza mwaka 2021, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza uloto watoto wenye sikoseli kutoka kwa ndugu zao. Mbegu inaweza kupandwa hapahapa.

Hebu tupige hesabu ya familia moja. Mtoto wa kwanza ana sikoseli, mama ni mjamzito tena. Mtoto ajaye ana nafasi robo ya kulingana alama na kaka yake, na nafasi robo tatu ya kutokuwa na ugonjwa (akiwa amerithi jeni ya sikoseli kwa mzazi mmoja tu, bado anafaa kuchangia). Mambo hayo mawili hurithiwa kwenye kromosomu tofauti, kwa hiyo unazidisha: tatu kwa kumi na sita, karibu asilimia 19. Katika mimba 100 za namna hiyo, 19 zitaleta ndugu anayefaa. Linganisha na ile moja kati ya 2,700 ya wauzaji.

Programu ya kuhudumia mimba hizo haihitaji jengo la ghorofa. Inahitaji kliniki za sikoseli ziwaulize akina mama kama wana mimba, mifuko michache ya kukusanyia, mkunga aliyefundishwa siku moja na aliyeambiwa kwamba dakika ya mtoto haiguswi, tangi moja, na maabara ya kusoma HLA. Nikilazimishwa kuchagua kimoja katika hivyo, nachukua maabara. Damu ikikosekana au ikiwa kidogo, yule ndugu hajaenda kokote; akishakua kidogo, uloto wake uko naye, mradi imeandikwa mahali kwamba analingana. Alama za baba na mama zikiwemo kwenye daftari hilohilo, njia ya nusu nayo ipo. Afrika Kusini ina rejista yake ya wachangiaji tangu 1991, na Nigeria ilianzisha yake 2012. Kwetu anayetafuta mchangiaji bado anaanza kwa kupiga simu kwa shangazi.

Miezi kadhaa iliyopita nilimsindikiza jamaa yangu kliniki ya wajawazito. Mtoto wake mkubwa ana sikoseli, ana kadi ya kijani aliyoikunja mara nne ndani ya pochi. Muuguzi, mwanamke mpole mwenye foleni ndefu nyuma yetu, alimuuliza umri, uzito, mimba ya ngapi, kama amechomwa pepopunda, kama anatumia chandarua. Akamwita "mama" kila sentensi. Kuhusu mtoto mkubwa aliuliza swali moja tu, kama yuko hai, akatia alama ya vema, akasema karibu tena mwezi ujao.